TAKA ZA KIWANDA NI MALI: SEHEMU YETU IKO WAPI?

Siku hizi matajiri wenye viwanda hawakutani bila kutaja neno hili, kwamba taka za kiwanda kimoja ziwe chakula cha kiwanda kingine. Hulitaja kwa majina makubwa makubwa, na mara nyingi mfanya kazi husikiliza, akapiga makofi, kisha akarudi kwenye mashine yake bila kujua kama hilo alilolipigia makofi litamwongezea mkate au litamwondolea. Kwa hivyo yafaa jambo hili lielezwe hapa kwa lugha ya kawaida, ili kila mwanachama ajue ni kitu gani, kina faida gani, kina hatari gani, na chama kinataka nini.

Twasema tangu mwanzo, asije mtu akatusingizia: chama hakipingi jambo hili. Mfanya kazi ndiye anayeishi karibu na bomba la moshi. Mtoto wake ndiye anayeteka maji chini ya mfereji wa kiwanda. Ikiwa moshi utapungua na mto ukawa safi, wa kwanza kushukuru ni sisi. Tunalokataa ni jambo moja tu, nalo ni faida kupanda juu ofisini na hatari kushuka chini kwa kibarua.

JAMBO LENYEWE

Kwa mwananchi wa kawaida jambo hili si geni hata kidogo. Jivu la mekoni humwagwa shambani, na maganda ya ndizi hupewa mbuzi. Gurudumu la gari likichakaa hukatwa likawa akala, na wengi wetu tumelelewa na baba waliokwenda kazini na akala miguuni. Mafundi wa jua kali pale Gikomba na Kamukunji hununua mapipa na mabati makuukuu, wakafua sufuria, majiko na masanduku. Hakuna profesa aliyekuja kuwafundisha. Walijua kwamba kitu hakiwi taka mpaka mtu akose kazi ya kukipa.

Viwanda vikubwa vilifuata njia nyingine. Kila kimoja kilileta vitu vyake kutoka mbali na kutupa mabaki yake karibu. Moshi ulipelekwa juu, maji machafu mtoni, majivu shimoni. Katika vitabu vya hesabu vya kampuni, kutupa huko kuliandikwa kuwa ni bure. Lakini hakukuwa bure. Kulilipwa na mvuvi aliyekosa samaki, na mama aliyekesha na mtoto mwenye kifua, na mfanya kazi aliyestaafu akiwa na mapafu mabovu.

Sasa wamegundua kwamba yale waliyokuwa wakiyatupa yana bei. Mvuke uliokwisha kuzungusha mtambo wa stima bado una moto wa kutosha kupikia katika kiwanda jirani. Maji yaliyopoza mashine moja yanaweza kutumika tena katika mashine ya pili. Makapi huwa kuni, majivu huingia katika simiti, damu na mifupa ya machinjioni huwa chakula cha kuku. Anayetoa huokoa gharama ya kutupa, anayepokea huokoa gharama ya kununua, na nchi huokoa mto wake. Hiyo ndiyo habari yote, na majina makubwa hayaongezi kitu.

MFANO WA DENMARK

Mahali panapotajwa sana duniani katika jambo hili ni Kalundborg, mji mdogo wa pwani katika nchi ya Denmark. Mambo ya huko hayakuanza kwa amri ya serikali wala kwa mpango wa wataalamu. Yalianza kwa shida ya maji. Mwaka wa 1961 kiwanda cha kusafisha mafuta kilikuwa kikijengwa, na maji ya chini ya ardhi yalikuwa haba. Wakakubaliana na mji kuleta maji kwa bomba kutoka ziwa la Tissø.

Baada ya hapo neno moja lilizaa lingine. Mwaka wa 1972 kiwanda cha kutengeneza mbao za jasi za kujengea kuta kilianza kuchukua gesi ambayo kiwanda cha mafuta kilikuwa kikiichoma angani bure. Mwaka wa 1976 tope la kiwanda cha madawa cha Novo lilianza kupelekwa kwa wakulima liwe mbolea. Mwaka wa 1979 majivu ya mtambo wa stima wa Asnæs, ambao zamani hizo ulikuwa ukichoma makaa ya mawe, yalianza kuuzwa kwa watengenezaji wa simiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mvuke wa mtambo huo ulipelekwa katika kiwanda cha mafuta na kiwanda cha madawa, na moto wake ukapasha nyumba za mji wakati wa baridi. Mwaka wa 1989 hamira iliyobaki baada ya kutengeneza insulini, dawa ya ugonjwa wa sukari, ikawa chakula cha nguruwe.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi ni ule wa jasi. Moshi wa makaa una salfa, na salfa huunguza mapafu na kuharibu misitu. Mwaka wa 1993 mtambo wa stima uliweka mashine ya kuosha moshi kwa chokaa. Chokaa ikikutana na salfa hutokea jasi, kitu kile kile ambacho kiwanda cha mbao za kuta kilikuwa kikinunua kutoka Spain. Basi uchafu uliokuwa ukiingia vifuani mwa watu ukageuka ukuta wa nyumba.

Mwanachama na ashike mambo matatu katika habari hii. La kwanza, kila mapatano yalifanywa na pande mbili zilizokaa mezani, kila upande ukitazama faida yake, wala hakuna aliyefanya sadaka. La pili, wale wakubwa wa viwanda walikuwa wakiishi katika mji mmoja na kufahamiana. La tatu, na hili huachwa nje katika hotuba za matajiri, ni kwamba Denmark ni nchi ambayo wafanya kazi walio wengi wamo katika vyama vyao. Majirani wa viwanda walipofanya mapatano yao, mapatano ya mishahara yalikuwa yamekwisha kusimama. Nasi tukiambiwa tufuate mfano wa Denmark, na tuufuate mzima, si nusu yake.

KWETU NYUMBANI: MIWA

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mali iliyotupwa. Tutazame muwa. Tani moja ya miwa mizuri hutoa kilo 100 hivi za sukari. Lakini hiyo hiyo tani hutoa kadiri ya kilo 300 za makapi yenye unyevu, na kilo 30 hadi 40 za molasi, na tope la vichujio karibu kiasi hicho hicho. Kiwanda kinachosaga tani 3,000 kwa siku hupata tani 300 za sukari, lakini hubaki na tani 900 za makapi na tani 100 hivi za molasi. Jumla ya vitu vinavyoitwa mabaki inaishinda sukari yenyewe mara tatu na zaidi.

Kwa miaka mingi makapi hayo yalichomwa katika boila za zamani, na boila hizo hazikutengenezwa ili ziokoe moto bali ziyamalize makapi. Yaliyobaki yalirundikwa nje yakawa vilima, yakashika moto wakati wa kiangazi. Boila ya nguvu kubwa huweza kutoa mvuke wa kupikia sukari, na stima ya kiwanda, na stima nyingine ya kuuza. Mwaka wa 2009 Mumias ilifungua mtambo wa megawati 34, na megawati 26 kati ya hizo zilikusudiwa kuuzwa katika nyaya za taifa. Mwaka wa 2012 ikafungua na kiwanda cha spiriti kinachotumia molasi. Kule Muhoroni, Agro-Chemical and Food Company, iliyoundwa mwaka wa 1978, imekuwa ikitengeneza spiriti na hamira kwa molasi ya viwanda vya sukari vilivyo jirani. Mkate anaokula mtu wa mjini waweza kuwa umeumuliwa kwa jasho la mkata miwa wa Nyando, naye mlaji asijue.

Tena kuna Olkaria, karibu na Naivasha. Mwaka wa 2003 shamba la maua la Oserian lilianza kutumia moto wa kisima cha mvuke wa ardhini kupasha nyumba zake za maua, na hewa ya kaboni iliyotoka pamoja na mvuke ikalishwa kwa mawaridi. Usiku wa Naivasha ni baridi na umande ni mwingi, na umande huleta ukungu juu ya majani. Nyumba ikipashwa moto hukauka, ukungu ukapungua, na haja ya kupulizia dawa za sumu ikapungua nayo. Aliyewahi kubeba bomba la dawa mgongoni ajua maana ya habari hiyo. Hapa twaona mfano ambao faida ya mwenye shamba na afya ya mfanya kazi zaweza kwenda njia moja. Mifano ya namna hii ndiyo tunayoitaka.

FUNZO LA MNYORORO

Lakini mgala muue na haki umpe. Tukisifu, tuseme na upande wa pili.

Viwanda vikifungamana, kila kimoja hushika maisha ya mwenzake. Mumias ilikuwa na stima ya kuuza na spiriti ya kuuza, lakini miwa ilipopungua na madeni yalipozidi, mitambo hiyo haikuiokoa. Mwaka wa 2019 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi wa wadai. Wafanya kazi walipoteza kazi huku wakidai mishahara, na wakulima wakidai bei ya miwa yao. Boila nzuri haichomi makapi ya miwa ambayo haikupandwa.

Tena mwezi wa Julai 2023 serikali ilisimamisha usagaji katika viwanda vya sukari vya magharibi kwa miezi kadhaa, kwa sababu miwa ilikuwa ikikatwa kabla ya kukomaa. Mwenye akili ataona mara moja kwamba miwa isiposagwa hakuna molasi, na molasi ikikosekana, kiwanda kinachoingoja chakaa bure. Mfanya kazi wa kiwanda hicho cha pili hakugombana na mtu, hakugoma, hakuchelewa kazini, lakini mashine yake imesimama kwa jambo lililotokea katika uwanja wa jirani. Nani atamlipa siku hizo? Katika mapatano ya matajiri mna vifungu vingi juu ya bei ya molasi na siku za kuileta. Tungependa kuona kifungu kinachomtaja mtu huyu.

FUNZO LA OWINO UHURU

Hatari ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Si kila kitu kinachoitwa kutumia taka tena ni kitu cha heri.

Betri kuukuu ya gari ni mali, maana ndani yake mna madini ya risasi yanayoweza kuyeyushwa na kuuzwa. Kule Mombasa, karibu na mtaa wa Owino Uhuru wenye watu wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka wa 2007. Katika karatasi ilikuwa kazi nzuri ya kuokoa taka. Ukweli ni kwamba moshi na maji yake yalibeba sumu ya risasi mpaka ndani ya nyumba za watu na damu ya watoto. Risasi haina harufu ya kumwonya mtu. Huingia mwilini kwa vumbi na chakula, ikazuia akili ya mtoto kukua, ikaharibu figo na mishipa ya mtu mzima. Mfanya kazi aliyevaa nguo zake za kazi mpaka nyumbani aliwapelekea watoto wake sumu bila kujua.

Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014 baada ya wananchi kupiga kelele kwa miaka, Bi. Phyllis Omido akiwa mbele yao. Mwaka wa 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru watu wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu miaka, ndugu: kiwanda kilifanya kazi miaka 7, na kesi pamoja na rufani zake zikamalizika miaka 10 baada ya kufungwa. Sumu huingia kwa siku moja, haki huja kwa mwendo wa konokono.

Wala hatari haiko katika betri peke yake. Makapi ya miwa yakirundikwa muda mrefu huota ukungu, na vumbi lake huleta ugonjwa wa kifua ambao madaktari wanaujua tangu miaka ya 1940. Yalipokuwa yakichomwa siku ile ile, vumbi lilikuwa dogo. Yanapowekwa ghalani kungoja mnunuzi, hatari huongezeka, na anayeyapakia ni kibarua asiye na kitambaa cha kufunika pua. Makapi ya mpunga ni kuni nzuri, lakini jivu lake lina vumbi kali la namna ya mchanga mwembamba, nalo hukwaruza mapafu. Magurudumu na mafuta machafu yaweza kuchomwa katika tanuru la simiti, ambalo moto wake hufika kadiri ya digrii 1,450, na huko karibu yote humalizika. Vitu hivyo hivyo vikitiwa katika boila ya kawaida ambayo moto wake hautoshi, hutoa moshi wa sumu. Basi swali la kuuliza si moja. Uliza taka hii ni nini, na uliza itachomwa katika moto gani, nani ataishika kwa mikono yake, na jivu lake litakwenda wapi.

FAIDA NI YA NANI

Kuna ndugu zetu wanaosema, haya yote ni hila ya kupunguza watu. Wengine husema, acheni matajiri wafanye watakavyo, kiwanda kikipata faida nasi tutapata. Chama hakikubaliani na upande wo wote kati ya hizo mbili.

Kwa wa kwanza twasema hivi. Kazi ya kukusanya, kuchambua, kukausha, kupima na kusafirisha mabaki ni kazi ya mikono na ya ujuzi. Bomba la mvuke lataka fundi, na boila ya nguvu kubwa yataka mtu aliyefundishwa. Kazi zitakuwapo. Lililo muhimu ni zitakuwa kazi za namna gani. Desturi mbaya imeanza, ambayo kazi ya taka hupewa mkandarasi wa nje, naye huleta vibarua wa kutwa wasio na chama, wasio na likizo, wasio na daktari. Mtu anayesimama ndani ya uwanja ule ule, akisukuma makapi kuingiza boila ile ile, hulipwa nusu ya jirani yake kwa sababu tu jina lake limeandikwa katika daftari la mtu mwingine. Huo si ujuzi mpya wa viwanda. Huo ni unyonyaji wa zamani uliopakwa rangi ya kijani.

Kwa wa pili twasema, kuzoea kungoja makombo ni kuzoea njaa. Tajiri hulia hasara kila tunapokaa naye mezani kuzungumza mishahara. Hutuonyesha bei ya mafuta imepanda, bei ya stima imepanda. Vema, tumesikia. Lakini siku anapoacha kununua mafuta kwa kuwa anachoma makapi, na siku anapouza stima badala ya kuinunua, hesabu hiyo nayo iletwe mezani. Haiwezekani gharama iwe yetu sote na akiba iwe yake peke yake.

Wakulima wa miwa wamelipigania jambo hili hili kwa muda mrefu. Wamesema: mlitulipa kwa uzito wa muwa kwa ajili ya sukari, na sasa mnauza makapi na molasi yake, basi nasi tulipwe. Chama kinawaunga mkono. Mkulima amekuza muwa na mfanya kazi ameusaga. Mali iliyotoka katika mabaki yake haikushuka kutoka mbinguni.

Najua tajiri atajibu kwamba mtambo mpya ni wa mkopo, na kwamba miaka ya kwanza faida yote huliwa na benki. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nasi si watoto wa kudai maziwa ng'ombe akiwa bado mtamba. Lakini mkopo una mwaka wa kuanza na mwaka wa kumalizika. Na tuandikiane mwaka huo katika mapatano, ili ukifika pasiwe na maneno.

CHAMA KINATAKA NINI

Kila tawi lililo katika kiwanda kinachotoa au kupokea mabaki na liyafikishe haya kwa wakubwa wa kazi:

1. Taka yo yote isiingie kiwandani kabla wafanya kazi hawajaambiwa kwa maandishi ni kitu gani, kimetoka wapi, na kina hatari gani. Maelezo yasomwe kwa lugha ambayo kila mtu anaifahamu.

2. Halmashauri ya usalama iwepo na ifanye kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yataka halmashauri hiyo mahali po pote penye wafanya kazi 20 au zaidi, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Halmashauri iliyoandikwa ukutani tu si halmashauri.

3. Wanaoshika madini ya risasi, vumbi la makapi, majivu na madawa wapimwe na daktari kabla ya kuanza na baada ya kila muda uliowekwa, na kila mtu apewe majibu yake mwenyewe. Pawe na mahali pa kuoga na kubadili nguo, nazo nguo za kazi zifuliwe kiwandani.

4. Kazi ya mabaki ihesabiwe kuwa kazi ya kiwanda. Anayeifanya aingie katika mapatano ya chama, awe ameandikwa na kampuni au ameletwa na mkandarasi.

5. Akiba inayopatikana kwa kutumia mabaki ionyeshwe kwa chama wakati wa mazungumzo ya mishahara, na sehemu yake iende katika mishahara na nyumba.

6. Mashine mpya ikija, mfanya kazi aliyepo afundishwe kwanza kabla mgeni hajaandikwa. Ikiwa ni lazima watu wapunguzwe, Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 ifuatwe: chama na afisa wa kazi wapewe habari mwezi mmoja mbele, na kila mtu alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Hicho ndicho kiwango cha chini cha sheria, na mapatano yetu yaweza kukizidi.

7. Mapatano ya kiwanda na kiwanda yawe na fungu la kulipa wafanya kazi wakati upande mmoja unaposimama.

8. Majirani waambiwe. Katiba ya mwaka wa 2010 yampa kila mtu haki ya mazingira safi, nayo Sheria ya mwaka wa 2022 juu ya taka imewawekea wenye viwanda wajibu juu ya mabaki yao. Kiwanda kisichotaka wanakijiji wajue kinachoma nini, na sisi hatutaki kukichochea.

KAZI YA WAJUMBE

Wajumbe wa chama kazini wasingoje barua kutoka makao makuu. Kuanzia juma hili kila mjumbe aandike katika daftari vitu vinavyotoka katika idara yake bila kutumika: maji ya moto, mvuke unaovuja, makapi, vumbi, mafuta machafu, magunia. Aandike ni kiasi gani kwa siku, kinakwenda wapi, na nani anakibeba. Mkuu wa kiwanda ana vitabu vyake, nasi tuwe na vyetu. Mwenye kujua kiwanda si yule anayekitazama kutoka dirishani, ni yule anayekifagia. Siku ya mazungumzo, daftari hilo litasema zaidi ya hotuba kumi.

Na mwanachama akiona jambo la hatari, asinyamaze kwa kumwogopa nyapara. Sheria ya mwaka wa 2007 yamtaka atoe habari mara moja, na yamkataza tajiri kumrudisha mtu mahali penye hatari kubwa inayoendelea kabla haijaondolewa. Mjumbe amsindikize, na jambo hilo liandikwe pamoja na tarehe na saa. Neno la mdomo hupotea njiani kabla ya kufika ofisini.

Ndugu wanachama, viwanda vimejifunza kwamba kitu kilichotupwa chaweza kuwa na thamani. Ni vizuri, wamechelewa lakini wamefika. Sasa wajifunze na hili: mtu hatupwi. Aliyetumikia kiwanda miaka 20 kisha akatolewa mlangoni na kikohozi chake, huyo si mabaki ya kazi. Tajiri anayepima kila kilo ya makapi asije kutuambia hana mzani wa kupimia haki ya mtu.

Moto wa kiwanda haupotei siku hizi, hupelekwa kwa jirani ukafanye kazi ya pili. Nasi na tufanye vivyo hivyo kwa nguvu zetu. Tawi la sukari lijue habari za tawi la spiriti, watu wa simiti wajue habari za watu wa mpunga. Ikiwa matajiri wameunganisha mabomba yao, wafanya kazi wakibaki mmoja mmoja watakuwa wa kulaumiwa wenyewe. Lipeni ada zenu, hudhurieni mikutano ya matawi, na leteni madaftari.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI